Kwa Nini Gari Hubadilika Rangi Katika Picha?

Siku hizi simu zenye kamera zimefika mpaka vijijini. Mtu akitaka kuuza ng'ombe, anampiga picha. Akitaka kuuza gari, analipiga picha, kisha anaituma picha hiyo mbali. Mnunuzi anaiangalia, anaamua, anafunga safari. Kumbe picha inaweza kusema uongo, na mpigaji mwenyewe asijue.

Katika somo la leo tutajifunza kwa nini rangi ya gari, na rangi ya taa zake, hutoka vibaya katika picha. Pia tutajifunza namna ya kutafuta kosa na kulirekebisha. Soma polepole. Kama una simu, iweke karibu, maana somo hili ni la vitendo. Tuanze na kisa cha kufundishia.

KISA CHA PIKAPU YA KIKUNDI

Katika kijiji kimoja wilayani Karatu palikuwa na kikundi cha wakulima wa mahindi na mbaazi. Kikundi kilikuwa na pikapu aina ya Toyota Hilux. Bodi ilikuwa imechoka kidogo, lakini injini ilikuwa nzima. Wanachama walikubaliana waiuze, wanunue mashine ya kupukuchulia mahindi kabla ya mavuno.

Kazi ya kupiga picha alipewa binti wa Mweka Hazina, kwa sababu simu yake ilikuwa nzuri kuliko za wengine. Binti alipiga picha saa 11 jioni. Gari lilikuwa kwenye kivuli cha mgrivilea, na taa za nyuma zimewashwa ili mnunuzi aone kwamba zinafanya kazi. Pikapu ile ilikuwa ya rangi ya malai, yaani weupe wenye umanjano kama siagi. Lakini katika picha ilitoka nyeupe pe!

Bwana mmoja wa Moshi aliziona picha zile. Alikuwa akitafuta gari jeupe, maana magari yake yote ya kazi ni meupe. Wakapatana bei kwa simu. Yule bwana akapanda basi, akasafiri zaidi ya kilomita 200. Alipofika akalizunguka gari mara mbili, akatikisa kichwa.

"Hii siyo niliyoiona," alisema.

"Ndiyo hiyo hiyo, bwana," Katibu alijibu.

"Mimi nimeoneshwa gari jeupe, hili ni la malai. Kwenye picha milango ilikuwa na wekundu huku chini, nikasema hiyo ni kutu, nitavumilia. Sasa kutu siioni. Taa za nyuma zilikuwa za njano, leo naona vioo vyekundu. Mlipiga picha magari mangapi, ninyi?"

Akarudi Moshi siku ile ile, wala hakutaka chai. Kikao kikaitwa jioni. Wengine walisema binti ametumia ujanja wa simu kulipamba gari. Wengine walitaka baba yake alipe nauli ya mgeni. Katibu alisema, "Binti, umetutia aibu. Sasa tunaitwa matapeli." Binti akalia. Aliapa kwamba hakubonyeza kitu chochote, alipiga tu kama ilivyo.

Mwenyekiti, ambaye ni mtu mzima, akasema, "Tusimhukumu mtu kabla ya kujua. Kesho nenda mjini, mwanangu. Yupo mzee mmoja aliyepiga picha tangu enzi za filamu. Mwoneshe picha hizi, umsikilize."

Binti akaenda. Mafunzo aliyopewa na mzee yule ndiyo somo letu la leo.

1. MWANGA UNA RANGI

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Lete simu nione."

Mzee aliziangalia picha, akacheka kidogo. "Wewe hukudanganya," alisema. "Lakini mwanga umekudanganya wewe. Kaa hapa."

Mwanga wa jua tunauona mweupe. Kumbe ndani yake zimo rangi nyingi. Mwaka 1666 Isaac Newton wa Uingereza alianza majaribio ya kupitisha mwanga wa jua katika kipande cha kioo chenye pembe tatu. Mwanga ukagawanyika ukawa kama upinde wa mvua: nyekundu, njano, kijani, buluu na nyingine.

Si kila mwanga una rangi hizo kwa kiasi sawa. Mfikirie mhunzi. Chuma kikianza kupata moto huwa chekundu. Kikizidi huwa cha njano. Kikizidi sana hukaribia weupe. Kwa hiyo wataalamu hupima rangi ya mwanga kwa kipimo cha joto kiitwacho kelvini. Jina hilo limetoka kwa mwanasayansi Lord Kelvin, aliyezaliwa mwaka 1824 na kufariki mwaka 1907. Namba ikiwa ndogo, mwanga ni wa njano au mwekundu. Namba ikiwa kubwa, mwanga una ubuluu. Angalia mifano hii:

Mshumaa: kama 1,900.
Balbu ya kawaida yenye waya: kama 2,700.
Jua la mchana: kama 5,500.
Siku ya mawingu: kama 6,500.
Kivulini, chini ya anga la buluu: 7,500 na zaidi.

Je, umeona? Kitu kimoja ukikitoa juani na kukiweka kivulini, mwanga wake unabadilika, ingawa rangi ya kitu chenyewe ni ile ile.

2. JICHO LINASAMEHE, KAMERA INAPIMA

Labda utauliza, mbona mimi sioni mabadiliko hayo? Shati jeupe ukiliangalia juani ni jeupe. Usiku kwenye kibatari bado unasema ni jeupe, ingawa mwanga wa kibatari ni wa njano. Sababu ni kwamba jicho na ubongo husaidiana kurekebisha. Ubongo unajua shati ni jeupe, basi unasamehe ule umanjano.

Kamera haijui shati. Kamera inapima tu. Mwaka 1861 James Clerk Maxwell alionesha mjini London kwamba rangi za picha zinaweza kupatikana kwa mianga mitatu tu: mwekundu, wa kijani na wa buluu. Kamera za simu hufuata njia hiyo hiyo mpaka leo. Ndani ya kamera mna vijumba vidogo sana mamilioni. Kwa kawaida kila kijumba kimefunikwa kichujio cha rangi moja kati ya hizo tatu. Mpango unaotumika sana wa kupanga vichujio hivyo ulibuniwa na Bryce Bayer wa kampuni ya Kodak, akapewa hati ya ugunduzi mwaka 1976.

Baada ya kupima, simu hukisia: "Hapa nipo juani, au kivulini, au kwenye balbu?" Kisha inaongeza au kupunguza rangi ili kitu cheupe kitoke cheupe. Kazi hiyo tutaiita mizani ya weupe. Katika simu nyingi utaiona imeandikwa herufi WB. Simu ikikisia sawa, rangi ni sawa. Ikikisia vibaya, gari linageuka rangi.

3. KOSA LA KWANZA: KIVULI

"Gari lako ni la malai," mzee alisema. "Malai ni weupe pamoja na umanjano. Wewe umeliweka kivulini. Kivulini jua lenyewe halifiki, kinachofika ni mwanga wa anga, na anga ni la buluu. Sasa ubuluu umekutana na umanjano, vikafutana. Kilichobaki ni nini?"

"Weupe, babu."

"Basi. Na simu nayo imeona kitu kikubwa cheupe-cheupe kimejaa kwenye picha. Ikasema, bila shaka hiki ndicho cheupe. Ikazidi kupoteza umanjano wake."

Hapo kuna mambo mawili ya kushika. Kwanza, kivuli hupaka gari ubuluu. Gari jeupe kabisa likipigwa kivulini linaweza kutoka na ubuluu. Pili, simu hudanganyika rangi moja ikijaa picha nzima. Ukilisogelea sana gari jekundu, simu inaweza kudhani wekundu umezidi, ikaupunguza.

Dawa yake: Toa gari kivulini. Lipeleke mahali pa wazi, jua likiwa nyuma yako mpigaji. Saa nzuri ni kati ya saa 3 na saa 4 asubuhi, au saa 9 na saa 10 alasiri. Saa 6 mchana jua lipo utosini, linameta juu ya boneti na kuacha giza ubavuni. Asubuhi sana na jioni sana mwanga ni wa dhahabu. Wakati huo jua liko chini, miali yake inapita katika hewa nyingi, na hewa hutawanya ubuluu. Unaobaki ni umanjano na wekundu. Picha hupendeza kweli, lakini rangi siyo ya gari.

4. KOSA LA PILI: GARI NI KIOO

"Sasa hii kutu," binti aliuliza, "imetoka wapi?"

Mzee alichukua kitambaa chekundu, akakiweka karibu na sahani nyeupe iliyong'aa. Ukingo wa sahani ukawa mwekundu.

Rangi ya gari inang'aa kama kioo. Hurudisha kila kilicho karibu yake. Karatu ina udongo mwekundu. Jua la jioni lilipiga udongo ule, udongo ukarusha wekundu kwenye milango kwa chini. Huko kwingine anga lilirusha ubuluu kwenye boneti, na majani ya mti yalirusha ukijani juu ya paa. Gari moja, rangi nne!

Kosa hili haliondoki kwa kubonyeza simu, maana wekundu ule upo kweli juu ya mlango. Ukipunguza wekundu katika picha nzima, boneti nayo itaharibika.

Dawa yake: Hamisha gari. Liweke juu ya changarawe ya kijivu, lami au sakafu ya saruji. Liepushe na ukuta wa rangi kali na migomba iliyosongamana. Usitandike turubai la buluu, maana nalo litarusha ubuluu. Wewe pia usivae shati jekundu au kanga ya njano ukasimama karibu na mlango. Utajiona mwenyewe kwenye picha kama doa. Vaa nguo ya rangi iliyofifia, simama hatua kadhaa nyuma.

5. KOSA LA TATU: MIANGA MIWILI MAHALI PAMOJA

Watu wengine hupiga picha ndani ya gereji. Juu ipo taa ndefu ya tyubu, ambayo mara nyingi hutoa ukijani kidogo. Pembeni ipo balbu ya njano. Mlango ukifunguliwa, mwanga wa nje unaingia na ubuluu wake. Simu ikirekebisha balbu, upande wa mlango unakuwa wa buluu. Ikirekebisha mwanga wa nje, upande wa balbu unakuwa kama chungwa. Mabwana wawili hawatumikiwi kwa pamoja.

Dawa yake: Chagua mwanga mmoja. Zima taa na ufungue mlango wote, au funga mlango utumie taa za aina moja. Iliyo bora kabisa ni kulisukuma gari nje.

6. KOSA LA NNE: MWANGAZA KUZIDI AU KUPUNGUA

Simu hupenda picha isiwe nyeupe sana wala nyeusi sana. Inataka katikati. Kwa hiyo gari jeupe likijaa kwenye picha, simu hupunguza mwangaza na gari linakuwa la kijivu. Gari jeusi likijaa, simu huongeza mwangaza, na gari nalo linakuwa la kijivu! Kumbuka kanuni hii: gari jeupe, ongeza mwangaza kidogo, gari jeusi, punguza kidogo. Katika simu nyingi ukigusa kioo hutokea alama ya jua dogo. Isogeze juu kuongeza, chini kupunguza.

Sasa tuje kwenye taa za nyuma. Kwa nini taa nyekundu ilitoka ya njano?

Fikiria ndoo tatu zilizowekwa kwenye mvua: ndoo nyekundu, ya kijani na ya buluu. Taa ya breki inanyesha wekundu mwingi sana. Ndoo nyekundu inajaa upesi. Ikishajaa haipokei tena. Lakini wekundu ule huvuja kidogo kwenye ndoo ya kijani, nayo inaendelea kupanda. Katika mianga, nyekundu na kijani zikichanganyika hutoa njano. Usifananishe na rangi za kupaka, hizo zina mambo yake. Basi taa inakuwa kama chungwa, halafu njano. Ndoo ya buluu nayo ikipanda, katikati ya taa panakuwa peupe kabisa.

Binti alipiga kivulini. Simu ilifungua macho ili gari lionekane, na taa zikazidiwa na mwangaza.

Ndugu msomaji, jambo hili si dogo. Nyuma ya gari taa nyekundu ni ya kusimama, na taa nyeupe ni ya kurudi nyuma. Magari yakigongana, mtu akapiga picha, taa ya breki ikatoka nyeupe, wengine watasema dereva alikuwa anarudi nyuma. Mtu asiye na kosa anaweza kuingia matatani.

Dawa yake: Gusa kioo cha simu pale penye taa, kisha shusha mwangaza mpaka wekundu urudi. Gari litaonekana jeusi kidogo, lakini usijali. Piga picha mbili: moja ya gari, moja ya taa. Picha iliyokwisha kuzidiwa na mwangaza hairekebishiki sawasawa baadaye, maana ndoo iliyofurika haikuhifadhi hesabu ya maji yaliyomwagika.

7. KOSA LA TANO: TAA ZA LED

Balbu ya zamani ina waya unaowaka kwa joto. Ukizima, waya haupoi palepale. Taa za LED siyo hivyo. Hizo huwaka na kuzimika papo hapo. Katika magari mengi taa ya LED hupunguzwa ukali kwa kuwashwa na kuzimwa upesi sana, mara mia na zaidi kwa sekunde moja. Jicho haliwezi kuona, linaona taa imewaka tu.

Lakini kamera juani hufungua mlango wake muda mfupi sana, pengine sehemu moja ya elfu ya sekunde. Ikifungua wakati taa imezimika, picha itaonesha taa mbovu. Wakati mwingine taa huonekana nusu, au yenye mistari.

Dawa yake: Piga picha kumi, siyo moja. Piga mahali penye mwanga hafifu kidogo, ili kamera ifungue muda mrefu zaidi. Kama simu yako ina sehemu ya kuchagua muda, weka sehemu moja ya 60 au ya 30 ya sekunde. Egemeza simu juu ya kitu, mkono usitikisike. Indiketa nazo huwaka na kuzimika mara 60 hadi 120 kwa dakika kwa kawaida, kwa hiyo picha moja haitoshi kusema kwamba ni mbovu. Usimtie mtu hatiani kwa picha moja ya taa. Nenda ukaitazame kwa macho.

8. KOSA LA SITA: SIMU YENYEWE

Kabla ya kulaumu jua na udongo, kagua simu. Kioo cha kamera kikiwa na mafuta ya mikono, rangi zote hufifia kama kuna ukungu. Futa kwa kitambaa laini cha pamba. Pia simu nyingi zina mapambo ya kuongeza ukali wa rangi. Mapambo hayo yanafaa harusini, hayafai kwenye biashara. Yazime.

Kioo cha kutazamia nacho kinaweza kudanganya. Simu nyingi zina hali ya usiku inayoleta umanjano ili macho yasiumie. Ukiisahau, kila gari utaliona la malai. Tazama picha hiyo hiyo katika simu mbili au tatu kabla ya kuituma.

9. KARATASI NYEUPE: SHAHIDI ASIYELIPWA

Mzee alimpa binti karatasi moja nyeupe. "Hii," alisema, "ndiyo shahidi wako."

Fanya hivi:

(a) Weka karatasi nyeupe, safi, juu ya boneti, mahali penye mwanga ule ule unaoangukia gari.

(b) Piga picha, kisha tazama karatasi, siyo gari.

(c) Karatasi ikiwa ya buluu, mwanga una ubuluu. Ikiwa ya njano, mwanga una umanjano. Ikiwa ya kijivu, mwangaza umepungua. Ikiwa nyeupe inayoumiza macho, isiyoonesha hata mikunjo yake, mwangaza umezidi.

(d) Fungua mizani ya weupe. Chagua alama inayofanana na mahali ulipo: jua, wingu, kivuli au balbu. Kama simu yako ina namba za kelvini, kupandisha namba huongeza umanjano, na kuishusha huongeza ubuluu.

(e) Piga tena, mpaka karatasi iwe nyeupe kama unavyoiona kwa macho.

(f) Karatasi ikiwa sawa na mlango bado una wekundu kwa chini, kosa siyo la mizani. Ni udongo. Hamisha gari.

Fuata mpangilio huo kila mara. Kwanza safisha kioo na uzime mapambo. Pili angalia mahali na saa. Tatu weka mizani. Nne rekebisha mwangaza. Mwisho linganisha kwa macho, ukiwa umesimama mbele ya gari lenyewe. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Ukibadilisha vitatu pamoja, hutajua kipi kilikuwa na kosa.

Simu isiyo na mizani ya kuchagua isikukatishe tamaa. Mahali pazuri na saa nzuri vitafanya sehemu kubwa ya kazi.

10. PICHA SIYO KIPIMO CHA RANGI

Mzee alimpa onyo la mwisho. Gari likikwaruzwa, usimtumie fundi picha ukamwambia achanganye rangi kwa kuiangalia. Mlango utatoka tofauti na bodi, na fedha zako zitakuwa zimepotea. Magari mengi yana kibao au karatasi ya kiwanda yenye namba ya rangi. Katika magari ya Toyota kibao hicho mara nyingi huwa chini ya boneti au kwenye nguzo ya mlango, na namba ya rangi hufuata herufi C/TR. Kwa mfano, 040 ni aina mojawapo ya rangi nyeupe. Mpe fundi namba hiyo. Hata hivyo, rangi ya zamani huwa imepauka kwa jua, kwa hiyo fundi ailinganishe na bodi kabla ya kupuliza.

Kumbuka pia kwamba rangi zenye chembe za metali au za lulu hubadilika ukizitazama kutoka pande tofauti. Hilo siyo kosa la kamera. Piga picha kutoka pande zote, mnunuzi ajionee.

MWISHO WA KISA

Binti alirudi kijijini na karatasi yake. Jumamosi saa 3 asubuhi gari likaoshwa, likapelekwa kwenye uwanja wa changarawe. Wanachama walikuja kutazama. Binti aliweka karatasi kwenye boneti, akapiga. Kisha akalisukumisha gari mpaka chini ya ule mgrivilea, akapiga tena. Akaweka picha mbili mbele ya Katibu.

Katibu alizitazama kwa muda mrefu. Katika picha ya kwanza karatasi ilikuwa nyeupe, na gari la malai. Katika ya pili karatasi ilikuwa ya buluu, na gari jeupe.

"Kumbe!" alisema. "Hata mimi ningepiga, ningeitwa tapeli." Akamgeukia binti. "Mwanangu, nilisema vibaya mbele ya watu. Naomba radhi mbele ya watu hao hao."

Wakaandika tangazo jipya: "Pikapu inauzwa. Rangi ni ya malai, kama kadi ya gari inavyosema. Karatasi iliyo kwenye boneti ni nyeupe, linganisha." Yule bwana wa Moshi walimrudishia nauli yake kwa simu, pamoja na maelezo.

Baada ya majuma mawili alikuja mama mmoja mfanyabiashara wa ndizi kutoka Mto wa Mbu. Alishika simu mkono mmoja, akalizunguka gari, akatazama picha, akatazama mlango. "Ndiyo lenyewe," alisema. Bei yake ilikuwa chini kidogo ya ile ya bwana wa Moshi, lakini hakukuwa na ugomvi. Mashine ya kupukuchulia ilifika mavuno yakiwa yameshaanza, na magunia ya kwanza yalipukuchuliwa kwa mikono. Hiyo ndiyo gharama ya kutojua. Magunia yaliyobaki yalipita mashineni.

Ndugu msomaji, kamera ni chombo kama jembe. Anayeijua tabia yake huvuna. Asiyeijua hujikata mguu, halafu analaumu jirani.

MANENO YA KUKUMBUKA

Kelvini: kipimo cha joto kinachotumika pia kueleza rangi ya mwanga.
Kichujio: kitu kinachopitisha rangi moja na kuzuia nyingine.
Malai: rangi nyeupe yenye umanjano.
Mizani ya weupe: kazi ya kamera ya kurekebisha rangi ili kitu cheupe kitoke cheupe.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini gari la malai lilitoka jeupe kivulini?
2. Wekundu uliokuwa chini ya milango ulitoka wapi? Kwa nini hauwezi kuondolewa kwa mizani ya weupe?
3. Gari jeupe limetoka la kijivu. Utaongeza au utapunguza mwangaza?
4. Eleza kwa mfano wa ndoo tatu kwa nini taa nyekundu inaweza kutoka ya njano.
5. Jirani yako ameona picha ya gari lenye taa ya LED iliyozimika, akasema dereva aendeshaye gari hilo ana makosa. Utamwambia nini?

KAZI YA VITENDO

Chukua karatasi nyeupe. Ipige picha juani saa 4 asubuhi, kivulini, na usiku kwenye taa ya nyumbani. Weka picha tatu pamoja, uandike rangi uliyoiona katika kila moja. Kisha mfundishe mwenzako mmoja ambaye hakusoma somo hili.